Kepteni wa Midizini

SEHEMU YA KWANZA

Kila Jumamosi, jua likishateremka nyuma ya mabati ya Midizini, babu yangu alivaa kofia yake nyeupe, akachukua fimbo, akaenda kijiweni. Muuza kahawa alikuwa ameshapuliza mkaa, kashata zimepangwa kwenye sinia, na benchi moja la mbao limeachwa wazi. Hakuna aliyelikalia. Lilikuwa la Kepteni.

Manzese nzima walimwita hivyo. Wauza mitumba wa Tip Top, vijana wa bodaboda, mama ntilie, hata mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Mzee ametoka Kigoma, amefanya kazi kwenye MV Liemba tangu ujana hadi kustaafu, na kofia ya meli anayo kichwani. Mtaa ulitaka ushahidi gani tena? Kofia yenyewe hakuruhusu mtu aiguse. Mama aliwahi kuitia kwenye beseni la nguo, babu akaitoa ikiwa bado kavu. Aliifua mwenyewe, usiku, taratibu, akiukwepa mstari wa wino ulioandikwa kwa ndani.

Mimi nilimfuata na ndoo tupu, nikaigeuza ikawa kiti. Tangu alfajiri ningekuwa gengeni na mama tukipepeta dagaa wa Kigoma, tukitoa mchanga na vichwa vilivyokatika, mpaka harufu ya ziwa inaingia kwenye kucha. Babu alipenda nikae karibu naye nikiwa na harufu ile.

"Shikamoo, Kepteni!"

"Marahaba, wanangu. Leo sina ya sungura wala fisi. Leo nina kamanda wa kweli, aliyepigana ziwani kwetu. Jina lake Geoffrey Spicer-Simson."

Muuza kahawa akamimina kikombe cha kwanza. Basi la mwendokasi likapita barabara ya Morogoro, babu akalisubiri limalize kelele zake.

"Alizaliwa mwaka 1876 kisiwa cha Tasmania, kule Australia. Akiwa na miaka 14 akaingia jeshi la majini la Uingereza. Sasa tazameni mambo ya dunia. Wenzake wakapanda vyeo, yeye akabaki palepale. Alipopewa manowari, akagonga boti. Lakini ukae naye mezani, utadhani ndiye aliyeifundisha bahari kuwa na mawimbi! Amewinda wanyama wote, amezishinda dhoruba zote, anajua kila kitu kuliko mwenye nacho. Waliomsikia waliinamisha macho. Unajua mtu anayesifiwa na watu, na unajua mtu anayejisifu kwa sababu hakuna anayemsifu."

Aliponena hayo babu alinyamaza kidogo, akaipangusa kofia.

"Vita vya kwanza vya dunia vikaanza. Tarehe 11 Novemba 1914, meli ya Niger, iliyokuwa chini yake, ilitia nanga mbele ya mji wa Deal, Uingereza. Kamanda yuko wapi? Hotelini, ufukweni, na mkewe Amy. Nyambizi ya Wajerumani ikaja mchana kweupe, ikaipiga meli, ikazama mbele ya macho ya watu. Kamanda akafungiwa ofisini, apange makaratasi. Ana umri wa miaka 38, na hesabu yake imekwisha."

"Kumbe kamanda gani huyo?" akauliza kijana wa bodaboda.

"Subiri. Huku kwetu, Ziwa Tanganyika lilikuwa la Wajerumani. Walikuwa na meli ya Kingani, walikuwa na Hedwig von Wissmann, na walikuwa wakiunda dude moja, Graf von Götzen. Meli hiyo ilijengwa mji wa Papenburg, Ujerumani, ikafumuliwa ikawekwa kwenye makasha 5,000. Yakashushwa bandarini, hapahapa Dar es Salaam, yakapanda treni hadi Kigoma, ikaungwa upya, msumari kwa msumari. Februari 1915 ikagusa maji. Ng'ambo, upande wa Kongo, Wabelgiji hawakuwa na cha kuizuia.

"Akatokea mwindaji mmoja, John Lee, akaenda London, akawaambia wakubwa: leteni boti ndogo za mashine, zenye kasi, zipitie Kongo. Wakubwa wakakubali. Wakatafuta ofisa wa kuongoza. Wote wazuri wamo vitani. Aliyebaki ni nani?"

"Yule wa hotelini!"

"Yule wa hotelini. Akapewa boti mbili za mbao, urefu wa mita 12, kila moja na mzinga mmoja mdogo. Yeye akataka ziitwe Paka na Mbwa. Wakubwa wakakataa, majina gani hayo kwa jeshi la mfalme! Akarudi na mengine ya Kifaransa, yale watoto wanayowaitia paka wao na mbwa wao. Wakubwa wakapitisha. Moja Toutou, mnatamka Tutu. Na ya pili," babu akajigonga kifuani, "Mimi."

"Wewe?"

"Boti. Jina lake Mimi."

Kijiwe kizima kikacheka. Tangu siku hiyo ikawa mchezo wa mtaa. Mtu akigonga mlango, akiulizwa nani, akajibu "Mimi", watoto walidakia: "Na Tutu!"

"Juni 1915 boti zikaondoka Uingereza, zikafika Cape Town, zikapakiwa kwenye treni kuelekea Kongo. Lakini reli ikaisha. Mbele ni milima ya Mitumba, pori, hakuna barabara. Boti, wanangu. Zitapandaje mlima?"

Tukasubiri. Babu akanywa tone la mwisho, akasimama.

"Jumamosi."

Usiku ule kifua kikambana. Akanituma nikamchukulie dawa ya kuchua kwenye sanduku la bati lililo chini ya kitanda. Nilikuwa sijawahi kulifungua. Nilipoinua khanga ya marehemu bibi, kikaanguka kitambulisho cha kazi, kimefungwa kwa nailoni, kina picha ya babu akiwa kijana. Nikakisogeza kwenye taa. Nikasoma jina. Nikasoma Shirika la Reli Tanzania. Nikasoma mstari wa cheo, nikaurudia mara mbili, kisha nikasikia fimbo ya babu mlangoni.

*Itaendelea Jumamosi ijayo.*

SEHEMU YA PILI

*Ilipoishia: Mjukuu amekiona kitambulisho cha Kepteni ndani ya sanduku, na mwenyewe yuko mlangoni.*

Nilikirudisha chini ya khanga. Nikampa dawa, akajichua kifua, akanishukuru: "Ahsante, bibi yangu," akalala. Mimi sikulala. Mstari ule ulisema: Mtia mafuta, chumba cha mashine.

Wiki nzima nilimsikiliza kwa sikio jipya. Babu alisimulia Liemba tangu nikiwa mtoto, na sasa tu ndipo nilipogundua kwamba hajawahi kunieleza jinsi ziwa linavyoonekana kutoka juu. Alijua Karema kwa mlio wa mnyororo wa nanga. Alijua Kipili kwa vishindo vya mitumbwi iliyokuja kuchukua abiria, ikigonga ubavu wa meli. Alijua wamefika Kasanga kwa mashine zinavyoshusha pumzi. Mambo yote ya babu yalikuwa ya masikio na ya joto. Miaka yake yote ziwani aliipitisha chini ya maji, kwenye taa ya umeme, ana kopo la mafuta mkononi.

Nani alisema ni nahodha? Nilijaribu kukumbuka. Yeye hakusema. Mtaa ulisema, naye akanyamaza.

Jumamosi ilipofika, kijiwe kilifurika. Waliokuwa wamesikia habari za Mimi na Toutou walileta jamaa zao wa Urafiki na Tandale.

"Tuliishia wapi?"

"Boti ziko mlimani!"

"Ziko Fungurume, Kongo, mwezi wa Agosti 1915. Mbele kuna zaidi ya kilomita 200 za pori. Kamanda ana matrekta mawili ya mvuke na maksai. Lakini trekta halikati mti, na maksai hajengi daraja. Walioitwa ni watu wa Kongo, mamia kwa mamia. Wakakata njia, wakajaza mabonde kwa magogo, wakajenga madaraja yapatayo 150. Boti ikifika kwenye mteremko, wanaishikilia kwa kamba, nyayo zinachimba udongo. Matrekta yakakaukiwa maji. Wakaitwa akina mama, wakayaleta kwa vyungu, kichwani, kutoka mbali."

Mama mmoja aliyekuwa anapita na ndoo akasimama. Akaishusha, akasikiliza.

"Majina yao?" akauliza.

"Hayakuandikwa, mwanangu. Jina la kamanda liko vitabuni, jina la kila ofisa liko vitabuni. Waliobeba hawamo. Upande wa huku vilevile. Nendeni Kariakoo mnunue viatu, mtakanyaga jina lao: lile ni jina la kikosi cha wapagazi wa vita hivyo. Walikufa zaidi kwa njaa na kuhara na malaria kuliko kwa risasi, na kilichobaki ni jina la soko."

Mama yule hakuondoka. Akakaa juu ya ndoo yake, kama mimi.

"Mwishoni mwa Oktoba boti zikafika ziwani, Lukuga, ndiyo Kalemie ya leo. Na sasa kamanda akawa mtu wa ajabu. Alikuwa na chale za nyoka mwilini, naye hakuzificha. Akavaa sketi ya kaki. Ndiyo, sketi! Akasema ameibuni mwenyewe na mke wake ndiye anayemshonea. Mkiniuliza mimi, hapo ndipo namwona Amy. Yuko Ulaya, mume yuko vitani, na mshono wake uko ziwani kwetu. Waholoholo, wenyeji wa pale, wakampa bwana yule jina: Bwana Chifunga Tumbo. Askari wake walimcheka pembeni. Wakaendelea kucheka mpaka tarehe 26 Desemba."

Babu akaweka vikombe viwili kwenye benchi, na mbele yake sahani ya kashata.

"Hii sahani ni Kingani. Asubuhi ya siku ya pili ya Krismasi inapita, haijui kitu. Mzinga wake ni mmoja, uko mbele. Ukimjia kwa nyuma, lazima ageuze meli nzima. Mimi na Toutou zikatoka, zikamzunguka. Dakika 11. Nahodha Junge akauawa, meli ikatekwa. Wakaivuta pwani, wakaiziba matundu, wakaiita Fifi. Yule aliyekuwa mtu wa kuchekwa London akapandishwa cheo. Sasa yale masimulizi aliyojitungia miaka yote yamempata kweli.

"Tarehe 9 Februari 1916 ikaja Hedwig von Wissmann kumtafuta Kingani. Fifi na Mimi wakaifukuza saa kadhaa, wakaizamisha. Na kesho yake, tarehe 10, upeo wa macho ukatoa moshi. Imekuja yenyewe, Graf von Götzen. Meli ya karibu mita 70, inawatafuta wenzake waliopotea. Inapita polepole, peke yake. Askari wameshakaa kwenye boti, mashine zinaunguruma. Wote wanamtazama Bwana Chifunga Tumbo. Ameinua darubini. Anaitazama meli. Anaitazama. Akaishusha, akasema..."

"Akasema nini?"

Babu hakujibu. Alikuwa anatazama nyuma yetu. Lori la dagaa wa Kigoma, lile linalotuletea mzigo, lilikuwa limesimama kando ya barabara, na dereva anamshika mkono mzee mmoja mrefu aliyenyooka kama mlingoti. Mzee akatembea mpaka kwenye mwanga wa taa ya muuza kahawa. Akatutazama mmoja mmoja.

"Nimeambiwa Manzese kuna nahodha wa Liemba," akasema. "Mimi nimeiongoza meli hiyo miaka mingi. Nataka kumjua mwenzangu."

Hakuna aliyedakia "Na Tutu". Babu akavua kofia, akaiweka benchini, juu chini, chini juu.

*Itaendelea Jumamosi ijayo.*

SEHEMU YA TATU

*Ilipoishia: Mgeni aliyekuwa nahodha wa Liemba amefika kijiweni. Kepteni amevua kofia.*

Mwenyekiti wa mtaa ndiye aliyevunja ukimya. "Karibu sana, mzee wetu! Basi leo Manzese ina makepteni wawili!" Watu wakapiga makofi. Mgeni akaletewa kiti cha plastiki, akaketi ana kwa ana na babu. Wakapeana mkono kwa muda mrefu kuliko salamu.

"Maliza habari yako," mgeni akasema. "Nimeikuta darubini hewani."

Sauti ya babu ilitoka ndogo, ikakua njiani.

"Akaishusha darubini. Akasema hatutoki. Maofisa wake wakashangaa. Wamesafiri nusu ya dunia, wamevuta boti juu ya milima, meli waliyoijia iko mbele yao. Akasema hatutoki, akarudi kwenye kibanda chake. Götzen ikapita, ikaenda zake.

"Watu wameandika sababu nyingi. Wapo wanaosema mzinga wa Götzen ulikuwa mkubwa mno, na ni kweli, ulitoka kwenye manowari ya Königsberg iliyoangamia delta ya Rufiji, milimita 105. Risasi moja ingemgeuza Mimi kuwa kuni. Huenda alipima akaona haifai. Lakini mimi nimelifikiri jambo hili kwa miaka, wanangu, na nina yangu. Mtu yule alipokuwa hana jina alithubutu, maana alikuwa hana cha kupoteza. Alipolipata jina, akawa mlinzi wake. Mtu anayelinda jina hana mkono wa kufanya kazi nyingine."

Mgeni aliinamisha kichwa. Mimi nilibana mikono kati ya magoti.

"Akaondoka ziwani, akasema anakwenda kutafuta meli kubwa zaidi. Akarudi baada ya miezi. Juni 1916 akashuka na boti zake mpaka Kasanga, wakati huo Bismarckburg. Kuna boma la Wajerumani, kuna mizinga inaonekana juu ya ukuta. Akakaa mbali. Usiku Wajerumani wakapanda vyombo vyao wakatoroka. Walioingia bomani wakaigusa ile mizinga." Babu akagonga benchi kwa kidole. "Mbao."

Kijiwe kikaguna.

"Hapo akavunjika. Akaugua, akarudishwa kwao. Nishani alipewa, cheo alibaki nacho, lakini hakupewa tena chombo cha kupigania. Alifariki mwaka 1947 huko Kanada, na naambiwa hakuacha kusimulia."

"Na Götzen?" akauliza yule mama wa ndoo. Alikuwa amerudi, safari hii bila ndoo.

Uso wa babu ukabadilika. Hii ndiyo sehemu aliyokuwa akiisubiri tangu Jumamosi ya kwanza, na mimi peke yangu nilijua kwa nini.

"Julai 1916 Wabelgiji wanaikaribia Kigoma. Mzinga mkubwa ulikuwa umeshaondolewa kwenye meli, umewekwa wa mbao. Wajerumani wakaamua kuizamisha wenyewe, isije ikatekwa. Sasa walikuwapo mafundi watatu waliokuja nayo kutoka Papenburg: Anton Rüter, Rudolf Tellmann na Hermann Wendt. Wangeweza kuipasua kwa baruti, ikawa chuma chakavu. Hawakuweza. Waliijenga mara mbili meli ile, mara moja kwao na mara ya pili kwetu. Kwa hiyo wakashuka chini, kwenye mashine. Wakachukua grisi."

Akainua viganja vyake viwili, akavitandaza mbele ya mwanga. Vidole vilikuwa vinene kwenye vifundo, na kwenye mikunjo ya ngozi palikuwa na mistari myeusi ambayo sabuni ya miaka yote haikuitoa. Nilikuwa nimeiona maisha yangu yote, nikidhani ni uzee.

"Hivi. Unachota kwa mkono, siyo kwa brashi, maana brashi haijui tundu liko wapi. Unajaza kila kiungo. Unapaka fimbo ya pistoni mpaka huioni. Unafunika chuma kama mama anavyompaka mtoto mafuta asubuhi ya baridi. Wakapaka mashine yote. Tarehe 26 Julai wakaifungulia maji, ikashuka taratibu.

"Miaka ikapita. Mwaka 1924 Waingereza wakaiinua kutoka chini ya ziwa. Wakafungua chumba cha mashine. Zilikuwa nzima! Mwaka 1927 ikarudi kazini ikiwa na jina jipya, Liemba. Ikabeba mahindi yetu, dagaa wetu, wajawazito wetu, maiti zetu, kutoka Kigoma hadi Mpulungu. Bwana Chifunga Tumbo hakuizamisha. Wakubwa wote wa vita vile, wenye nishani, hakuna aliyetuachia kitu cha kupanda. Aliyetuachia ni mtu wa grisi."

Palikuwa kimya hata mkaa ulisikika ukipasuka. Basi la mwendokasi lilipita likiwa tupu, taa zake zikatupitia usoni, zikaenda.

Babu akashika fimbo, akasimama. Hakuichukua kofia. Alinitazama mimi kwanza, na ndipo nilipojua kwamba usiku ule wa dawa alikuwa ameniona. Akawageukia watu.

"Wanangu, mmeniheshimu. Benchi hili mmeniachia. Ipo habari moja sijawapa, na mwenyewe wa kunisuta amekaa hapa. Mimi..."

"NA TUTU!" kijiwe kizima kikadakia, vijana wakicheka, wengine wakipiga makofi.

Babu akatikisa kichwa. Machozi yalikuwa yameshaanza. "Hapana. Sikilizeni. Mimi..."

Mgeni akainua mkono, kelele zikakatika. Akasimama, akainama benchini, akaiokota ile kofia nyeupe. Akaigeuza ndani nje, akaisogeza kwenye taa ya muuza kahawa, akausoma ule mstari wa wino ambao babu aliukwepa kwa sabuni miaka yote. Midomo yake ikasogea bila sauti. Kisha akamtazama babu, na mkono wake ulikuwa unatetemeka.

"Kofia hii," akasema, "ni yangu."

*Itaendelea Jumamosi ijayo.*